Kibali Kabla ya Kazi ya Hatari

Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Katibu wa chama cha msingi hawezi kutoa fedha za chama benki kwa saini yake peke yake. Hundi hutiwa saini na zaidi ya mtu mmoja, kahawa ya mwanachama hupimwa mbele ya macho yake, na stakabadhi huandikwa kwa nakala. Desturi hiyo ni ya siku nyingi. Tangu wakulima wa Kilimanjaro walipounda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na tangu KNCU ilipoanzishwa mwaka 1933, ushirika wa mlima huu umesimama juu ya mizani, daftari na saini. Utaratibu huo haumaanishi kwamba makatibu ni wezi. Maana yake ni kwamba hata mtu mwaminifu husahau, huharakishwa na hukosea, na kosa linalotazamwa na watu wawili ni rahisi kuzuilika kuliko linalotazamwa na mmoja.

Lakini katika chama hicho hicho, kijana akitakiwa kuteremka katika shimo la maji machafu ya kahawa, au fundi akitakiwa kuingiza mkono katika mashine ya kumenyea, haitakiwi saini hata moja. Neno la mdomo latosha: “Hebu shuka uone kuna nini.” Hivyo shilingi za chama zinalindwa kwa saini mbili, na roho ya mtu hailindwi kwa saini yoyote. Mazungumzo haya yanahusu pengo hilo na namna ya kuliziba.

KIBALI NI NINI

Kibali kinachozungumzwa hapa si kile anachopewa mgeni ili afanye kazi nchini. Ni karatasi inayoandikwa kabla ya kazi ya hatari kuanza. Hutaja kazi yenyewe, mahali inapofanyika, majina ya wanaoifanya, hatari zilizopo, hatua zilizochukuliwa kuziondoa, saa ya kuanza na saa ya kwisha. Hutiwa saini na anayeruhusu na anayeifanya. Kazi ikiisha, karatasi hurudishwa na kufungwa kwa saini nyingine, ili kila mmoja ajue kwamba mtu ametoka, vifaa vimetolewa, na mashine yaweza kuwashwa.

Karatasi yenyewe haizuii gesi wala haikati umeme. Faida yake ni kwamba huwalazimisha watu wawili kwenda mahali pa kazi, kutazama na kuulizana kabla hapajatokea jambo. Kibali kinachojazwa mezani ofisini, bila mtu kwenda kutazama, ni wino tu.

KAZI ZINAZOHITAJI KIBALI

Si kila kazi ya chama ni ya hatari kubwa. Kuanika kahawa, kushona magunia na kufagia ghala hakuhitaji kibali, na chama kitakachodai kibali kwa kila jambo kitaona watu wakitia saini bila kusoma. Kazi zinazostahili ni chache nazo zajulikana.

Ya kwanza ni kufungua mashine. Mashine ya kumenyea ikikwama, mtu huizima na kuanza kuifungua. Mwenzake aliye upande wa pili wa jengo, asiyejua lolote, huiwasha. Dawa yake ni kufuli. Swichi kuu huzimwa na kufungwa kwa kufuli, na ufunguo hukaa mfukoni mwa yule aliye mashineni, si kwa katibu wala kwa mlinzi. Kama inaendeshwa kwa injini ya dizeli, hapana budi izuiwe kwa namna ambayo mtu mwingine hawezi kuiwasha, na mkanda uondolewe.

Ya pili ni kuingia mashimoni, matangini na visimani. Maji ya kuoshea kahawa na maganda yake huchacha, na katika kuchacha huko hutoka hewa ya ukaa, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hutuama chini kama maji. Matope yaliyooza hutoa gesi nyingine yenye harufu ya mayai viza. Gesi hiyo ina hila: ikizidi, huiua nguvu ya pua kunusa, hivyo mtu hudhani imekwisha kumbe imeongezeka. Hewa ya kawaida ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Ikipungua sana, mtu hazimii kwa taratibu akapata nafasi ya kupiga kelele. Magoti hulegea ghafla, naye huanguka.

Hapo ndipo msiba huongezeka. Aliye juu akimwona ndugu yake ameanguka, huruka kumwokoa, naye huanguka. Wa tatu humfuata. Mwaka 1986 taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayochunguza usalama wa wafanyakazi, ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika mahali pa namna hiyo walikuwa waokoaji. Yaani wema wa mtu, usipotanguliwa na maandalizi, humwua.

Kwa hiyo swali la kwanza katika kibali cha shimo liwe hili: je, ni lazima mtu aingie? Mara nyingi si lazima. Matope yaweza kuvutwa kwa pampu iliyo nje, au kuchotwa kwa chombo chenye mpini mrefu. Pampu ya petroli kamwe isiteremshwe shimoni, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Ikiwa hapana njia nyingine, shimo liingizwe hewa safi, hewa ipimwe kwa chombo cha kupimia gesi, anayeshuka afungwe kamba kifuani, na juu wawepo watu wenye nguvu ya kumvuta bila wao kushuka. Chama kisicho na chombo cha kupimia wala fundi mwenye nacho, kisimteremshe mtu. Taa ya kibatari, pua na ujasiri si vipimo.

Ya tatu ni kuchomelea vyuma karibu na ghala. Cheche ndogo huweza kujificha katika gunia au maganda makavu na kuwaka watu wakiwa wamekwenda kula. Kibali kitaje kwamba vinavyoshika moto vimeondolewa, maji au mchanga uko tayari, na mtu amebaki kulinda kwa nusu saa au zaidi baada ya fundi kumaliza.

Ya nne ni kupanda paa la ghala, na ya tano ni kugusa nyaya za umeme. Bati kuukuu hupasuka chini ya mguu. Atembeaye juu yake akanyage mbao zilizolazwa juu ya boriti, tena awe amejifunga kamba mahali imara.

YALIYOTOKEA PENGINE

Huenda mwanachama akasema kwamba mambo haya ni ya viwanda vikubwa. Ni kweli kwamba huko ndiko yalikoanzia, na huko ndiko yalikofundisha kwa uchungu.

Tarehe 23 Mei 2024, katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, Turiani, mkoani Morogoro, bomba la mvuke lilipasuka na watu 11 wakapoteza maisha. Mvuke haufanani na maji yanayochemka jikoni. Maji yakigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hupanuka kiasi cha mara 1,600, na mvuke uliobanwa katika mabomba ya kiwanda huwa na joto lipitalo sana lile la sufuria ichemkayo. Tambarare ya chini ya Moshi, katika kiwanda cha TPC cha Arusha Chini, sukari nayo huchemshwa kwa mvuke, kama ilivyo desturi ya viwanda vya sukari duniani. Kwa hiyo habari ya Turiani si ya kusikilizwa Kilimanjaro kama hadithi ya ugenini.

Mfano wa pili watoka mbali zaidi, lakini ndio unaogusa kibali chenyewe. Tarehe 6 Julai 1988, katika Bahari ya Kaskazini karibu na Uskoti, mtambo wa mafuta na gesi uitwao Piper Alpha ulilipuka, na watu 167 wakafa. Huko vibali vilikuwapo. Pampu moja ilikuwa imesimamishwa, na vali yake ya usalama imeondolewa kwa matengenezo. Mahali pake palizibwa kwa kifuniko cha chuma cha muda. Jioni ilipofika kazi ilikuwa haijakwisha. Zamu ya usiku ilipoingia, haikupata habari kwamba vali ile haipo. Pampu ya pili ilipokwama, waliwasha ile ya kwanza. Gesi ilivuja, mlipuko ukafuata. Tume iliyoongozwa na jaji Lord Cullen ilitoa taarifa yake mwaka 1990 ikiwa na mapendekezo 106, na kasoro za utaratibu wa vibali zilikuwa miongoni mwa mambo iliyoyaeleza kwa kirefu.

Funzo ni hili: kibali kisichokabidhiwa mkononi, kwa maneno, na mbele ya kazi yenyewe, hakimlindi mtu. Fundi wa mchana akiondoka kabla ya kumaliza, amtafute wa usiku na kumwonyesha. Na mashineni pawekwe kibao: “Isiwashwe. Kazi haijaisha.”

VIZUIZI VIWILI

Kizuizi cha kwanza ni msimu. Kahawa mbivu iliyochumwa asubuhi yapasa kumenywa siku hiyo hiyo, la sivyo huanza kuchacha na daraja lake hushuka. Mashine ikikwama saa kumi jioni, na wanachama wamepanga foleni na ndoo zao, nani atakuwa na moyo wa kuandika karatasi? Jibu haliwezi kupatikana saa kumi jioni. Lapasa kutafutwa kabla ya msimu: chama kikubaliane na chama jirani kupokeana kahawa siku mashine moja inapoharibika, na wanachama wenye mashine za mkono nyumbani wazitunze zikiwa tayari. Chama chenye njia ya pili hakishawishiki kumharakisha fundi. Kisicho nayo humsukuma mtu hatarini bila kukusudia.

Kizuizi cha pili ni udugu. Katika vyama vya vijijini fundi ni shemeji, mlinzi ni mjomba, na kibarua ni mtoto wa mwenyekiti. Kumdai shemeji saini huonekana kama kumdharau. Kwa sababu hiyo utaratibu usiwe wa katibu, bali wa mkutano mkuu. Ukipitishwa na wanachama na kuandikwa katika kumbukumbu, katibu anaweza kusema kwa adabu: “Shemeji, si mimi, ni uamuzi wa chama.” Tena yafaa uamuzi huo utaje jambo moja zaidi: kwamba mtu yeyote, hata kibarua wa siku moja, akisema mahali si salama, kazi husimama hadi patazamwe, naye asinyimwe ujira wake kwa kusema hivyo.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950 ilidumu hadi ilipofutwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003. Sheria hiyo humtaka mwajiri aandikishe mahali pa kazi na ahakikishe usalama wa watu wake, na husimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 nayo ilileta Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Katibu asijidanganye kwamba kumpa fundi kazi kwa mkataba kumeiondoa hatari mikononi mwa chama. Shimo ni la chama, mashine ni ya chama, na wajane hufika katika ofisi ya chama.

Fidia ni haki, wala haina budi kutafutwa. Lakini haivuni kahawa, haiwafundishi watoto kupogoa, wala haikai kihambani jioni mahali pa baba.

LA KUFANYA

Gharama si kubwa. Yatosha daftari moja lenye kurasa za nakala na karatasi ya kaboni, kufuli mbili tatu nyekundu, kamba imara na vibao vya onyo. Kamati ikae siku moja kabla ya msimu, izunguke jengo zima, na iandike orodha ya kazi zinazohitaji kibali. Ichague watu wawili wa kutoa vibali, walioelezwa vizuri, na mmoja wao awe anaijua mashine. Anayetoa kibali asiwe ndiye anayeifanya kazi hiyo, kama vile mpimaji asivyoandika stakabadhi ya kahawa yake mwenyewe. Nakala moja ibaki mahali pa kazi na nyingine ofisini. Mwisho wa msimu, kamati ya usimamizi isome daftari la vibali kama isomavyo daftari la fedha, na iulize juu ya kila kibali ambacho hakikufungwa.

Jambo hili liingizwe katika ajenda ya mkutano mkuu ujao wa kila chama, kabla ya ndoo ya kwanza kumwagwa mashineni. Na pale ambapo karatasi haikuandikwa, kufuli haikufungwa au hewa haikupimwa, kazi na ingoje. Kahawa iliyoharibika siku moja huandikwa katika hasara za msimu na msimu mwingine huja.