Namba za Gari Zinazochangia Shule: Funzo kwa Nachingwea na Ruangwa



Mada niliyopewa inahusu namba za gari zinazochangia shule. Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa magari binafsi si mengi, na wenye uwezo wa kununua namba ya pekee ni wachache zaidi. Hata hivyo naiona mada hii kuwa yetu, kwa sababu inagusa swali la mkulima wa korosho anapotazama malipo yake: kilichokatwa kwa ajili ya elimu kimekwenda shule gani?

Utaratibu huu umekomaa Marekani. Januari 1986 chombo cha anga cha Challenger kililipuka na kuua watu saba, akiwemo mwalimu, Christa McAuliffe. Mwaka uliofuata jimbo la Florida likaanza kuuza kibao cha namba cha kuwakumbuka. Vikafuata vibao vya vyuo vikuu: mwenye gari huongeza dola 25 kila mwaka juu ya ada ya kawaida, na sheria inataja chuo kinachopokea. Halazimishwi mtu. Ninachokithamini hapo kuliko hata fedha ni kwamba mlipaji huchagua mwenyewe, na jina la chuo alichokichagua huonekana na kila aliye nyuma yake barabarani.

Tanzania nasi tuna namba binafsi, zile ambazo mtu huandikisha jina lake badala ya T na tarakimu. Mwaka 2016 ada yake ilipandishwa kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10 kwa miaka mitatu. Kwa ruzuku ya Serikali ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi, milioni 10 ni ruzuku ya mwaka mzima ya wanafunzi 1,000 wa shule ya msingi. Lakini ada hiyo ni mapato ya Serikali Kuu kama mengine, na mlipaji haulizwi alisoma wapi. Halmashauri haiwezi kubadili hilo, maana usajili wa magari uko Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa sheria ya Bunge. Tunachoweza ni kuwaomba wabunge wetu walipeleke bungeni: sehemu ya ada iende shule atakayoitaja mwenye gari. Wapo wana wa Nachingwea na Ruangwa walioko Dar es Salaam na Dodoma ambao wangefurahi kuitaja shule iliyowafundisha kusoma.

Wapo watakaopendekeza stika ya shule kwenye bodaboda. Siungi mkono. Dereva wa pikipiki tayari ana leseni, bima na stika ya usalama barabarani. Tukimwongezea nyingine, mchango wa hiari utageuka tozo kabla ya mwaka kwisha.

Fedha yetu iko kwenye korosho. Ushuru wa halmashauri, asilimia 3 inayolipwa na mnunuzi, huingia kwenye mapato ya jumla, nao tuuache huko. Nazungumzia makato ambayo wanachama wenyewe huyapitisha kwenye mkutano mkuu. Napendekeza kila chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) kilicho chini ya chama kikuu cha Runali kichague shule moja, wanachama wakubali shilingi 10 kwa kilo, na jina la shule hiyo liandikwe kwenye karatasi ya malipo ya mkulima. Kila tani 1,000 zitaleta milioni 10. Fedha hizo zisilipe posho wala mafuta ya gari la mtu yeyote. Zimalizie maboma ambayo wananchi waliyainua kwa nguvu zao yakabaki bila bati, na zichimbe matundu ya vyoo, hasa ya wasichana. Tangu utaratibu wa elimu bila malipo uanze mwaka 2016 watoto wameongezeka madarasani, na wanakaa humo tukiwa bado tunajadiliana nani alipie bati.

Hesabu zibandikwe kwenye mlango wa ghala na kwenye ubao wa matangazo wa shule, zikionyesha kilo zilizouzwa, shilingi zilizopatikana na kazi iliyofanyika. Mwanachama asiyeridhika awe na haki ya kuomba shule ibadilishwe msimu unaofuata, kama mwenye gari wa Florida anavyoweza kubadili kibao chake.

Minada huanza Oktoba, na makato yanapaswa kupitishwa kabla ya hapo. Naomba basi kila mwenyekiti wa AMCOS aliyemo humu aliweke jambo hili kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa kabla ya msimu, na mwalimu mkuu wa shule itakayopendekezwa aalikwe aje na orodha ya mahitaji yake.