KUHESABU KWA KIHISPANIA: MAELEZO KWA WANAOANZA

(Maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa watumishi na wakaazi wa Kihesa, Manispaa ya Iringa. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya watumishi na wananchi wa Visiwani.)



Iringa ni lango la Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na wageni wake hutoka nchi nyingi. Huko Zanzibar, madaktari kutoka Cuba wamefanya kazi katika hospitali kwa miaka mingi. Aidha, Kihispania ni miongoni mwa lugha za Umoja wa Afrika, pamoja na Kiswahili. Mtu anaweza kukosa maneno mengi ya lugha hiyo na bado akaelewana na mgeni; lakini akikosea hesabu, hasara huonekana papo hapo.

Msemaji wa Kiswahili huanza na faida. Irabu za Kihispania ni tano, na hutamkwa karibu sawa na za Kiswahili. Namba za mwanzo ni hizi: uno, dos, tres, cuatro, cinco, seis, siete, ocho, nueve, diez. Herufi z, na c inapotangulia e au i, Cuba husikika kama s. Sehemu kubwa ya Hispania husikika kama th ya "thelathini".

Kuanzia 11 hadi 15 hapana budi kukariri: once, doce, trece, catorce, quince. Kuanzia 16 mpango unafanana na wa Kiswahili: dieciséis ni kumi na sita yaliyounganishwa kuwa neno moja. Makumi ni veinte, treinta, cuarenta, cincuenta, sesenta, setenta, ochenta, noventa. Na mia ni cien. Muuza mayai wa Kihesa mwenye trei moja ana treinta. Akiongeza yai moja, atasema treinta y uno, yaani thelathini na moja. Y hutamkwa i, na maana yake ni "na".

Kiswahili husema watoto wawili, vitabu viwili, mayai mawili. Kihispania hutumia dos kwa vyote. Zinazobadilika ni uno, ambayo huwa un au una mbele ya jina, na mamia kuanzia 200.

Yapo mambo matatu yanayohitaji hadhari.

Kwanza, sesenta ni 60 na setenta ni 70. Tofauti ni herufi moja tu. Mwenye kupokea fedha au kuhesabu vidonge aandike tarakimu, kisha amwoneshe mwenzake.

Pili, saa. Mswahili huhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua. Mhispania huhesabu tangu usiku wa manane na adhuhuri. Saa 2 asubuhi kwa Kihispania ni las ocho de la mañana. Mkalimani akitafsiri "saa mbili" kuwa las dos, mgonjwa aliyepaswa kumeza dawa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku ataandikiwa saa 8 mchana na saa 8 usiku. Kosa hilo si la lugha tu. Ni la afya ya mtu.

Tatu, fedha nyingi. Elfu ni mil, laki moja ni cien mil, milioni ni un millón. Lakini bilioni ya Tanzania, yaani milioni elfu moja, kwa Kihispania ni mil millones. Neno billón kwao ni milioni mara milioni, ambayo Tanzania huitwa trilioni. Afisa akiandika un billón mahali pa bilioni moja, ameizidisha hesabu mara elfu.

Namba za kigeni si jambo geni kwa Waswahili. Sita, saba, tisa, na makumi kuanzia ishirini hadi tisini, yametoka katika Kiarabu, na leo hakuna anayeyaona kuwa ya ugenini. Yalizoeleka kwa kutumiwa kila siku. Anayeanza na ahesabu basi kwa sauti vitu vilivyo mbele yake, kumi kwa siku, na asione haya kuuliza mara ya pili.