Je, Kikundi Chenu Kinastahili Ruzuku? Mazungumzo na Wakulima wa Kiirua



Nimeombwa nieleze ni nani anayestahili kupata fedha za serikali kwa miradi ya pamoja inayotumia akili unde, ile tunayoiita AI, kutoka shambani hadi sokoni. Niseme mapema kwamba sikuja kutangaza fedha mpya. Nimekuja ili fedha zitakapotangazwa zisiwapite.

Tuanze na viazi. Shangi, aina inayopandwa na wakulima wengi nchini, hukomaa kwa takriban miezi mitatu, lakini huchipua upesi baada ya kuvunwa. Mvua ikitupandisha wote pamoja, tunavuna pamoja, na dalali anataja bei akijua viazi havitamngoja mtu. Kanuni za Viazi za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kuwa kikomo cha gunia. Hata hivyo, mkulima anayeuza peke yake kando ya shamba ana nguvu gani ya kukataa lumbesa?

AI inasaidia wapi? Mkijua tarehe ya kupanda, aina ya mbegu na ukubwa wa kila shamba, mnaweza kukadiria ni kilo ngapi zitakuwa tayari wiki gani. Kwa mashamba matano, kalamu inatosha. Kwa mashamba 500, ukiongeza mvua, ghala, lori na oda za wanunuzi, programu hufanya hesabu hiyo kwa haraka. Lakini programu hujifunza kutokana na kumbukumbu. Kikundi kisicho na daftari hakina cha kuifundisha, na pia hakina cha kuwaonyesha wanaochambua maombi ya ruzuku.

Mkakati wa Kitaifa wa AI wa 2025–2030, uliozinduliwa Machi 2025, umetaja kilimo miongoni mwa sekta za kipaumbele. Lakini mkakati huo wenyewe haugawi fedha kwa vikundi. Fedha za wakulima hupitia miradi kama NAVCDP, iliyoidhinishiwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 250 mwaka 2022. Ulifuata NARIGP, ambao kaunti yetu ya Meru ilikuwa kati ya kaunti 21 zilizoshiriki. Kila mradi una masharti yake na orodha yake ya mazao, kwa hiyo ulizeni katika ofisi ya kilimo ya wadi kabla ya kuandika ombi. Hata hivyo, mambo matano jiandaeni nayo daima.

Kwanza, usajili. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, kikundi kinahitaji wanachama wasiopungua kumi. Wanaotaka kufanya biashara kubwa wafikirie ushirika. Angalieni pia kama cheti chenu bado kinatumika.

Pili, akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na mchango wenu wenyewe. Ruzuku nyingi hudai wenye mradi waweke chao, iwe pesa, kazi au ardhi.

Tatu, kila mwanachama awe ameandikishwa katika sajili ya kitaifa ya wakulima, ileile inayotumika kwa mbolea ya ruzuku.

Nne, mapatano ya maandishi na washirika wenu: mwenye ghala, mwenye lori, mnunuzi, mwenye programu. Nani atafanya nini? Nani atalipia programu ruzuku ikiisha? Hata Uingereza, shirika la serikali la Innovate UK linapotoa ruzuku kwa mradi wa ushirikiano, hutaka zaidi ya mshirika mmoja awe ndani ya ombi.

Tano, kumbukumbu: tarehe ya kupanda, mbegu, kilo zilizovunwa, bei na mnunuzi. Msimu mmoja ni mwanzo; misimu mitatu ni hoja.

Vijana wenye ujuzi wa kompyuta wameniuliza kama wanaweza kuomba peke yao. Katika miradi hii ya wakulima, mlango wenu ni kikundi. Jiungeni nacho, mtunze data yake, na kazi yenu ilipwe kwa mapatano ya wazi.

Kuna jambo moja la kuangalia sana. Majina yenu, nambari za simu na mipaka ya mashamba yenu ni mali ya thamani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawapa haki ya kuelezwa data yenu itatumiwaje, kuiona na kuomba isahihishwe. Kampuni ikiwaletea programu ya bure, ulizeni nani mwingine ataona mavuno yenu. Dalali akijua kabla yenu ni magunia mangapi yanakuja, programu hiyo itakuwa imemsaidia yeye.

Na yeyote atakayewauzia fomu ya ruzuku, au kudai "kitu kidogo" ili ombi lipite, msimpe. Ripotini kwa ofisi ya wadi au kwa chifu.

Katika mkutano wenu ujao, chagueni katibu mmoja wa kumbukumbu na mnunue daftari moja. Andikeni mashamba yote ya wanachama kabla ya mvua zijazo. Wasiojua kusoma wasaidiwe na watoto wao, lakini shamba la kila mmoja liandikwe.