Bima Iliyoondolewa Kwenye Posho ya Askari

Hadi mwisho wa 2014, posho ya nyumba ya wanajeshi wa Marekani ilikuwa na fungu la bima ya mpangaji. Januari 2015 Wizara ya Ulinzi ikaliondoa, na ikaanza kumtaka askari achangie asilimia 1 ya wastani wa gharama za makazi. Kufikia 2019 mchango ulishafika asilimia 5. Aliyebaki kituoni hakupunguziwa posho. Kiwango kipya kilimpata aliyehamishwa. Hapo ndipo penye uonevu, kwa sababu askari hahami kwa hiari yake. Na nyumba ikiungua, bima ya mwenye nyumba hailipi friji, godoro wala nguo za watoto wa mpangaji. Makamanda wawaeleze wenzi wa askari hayo kabla ya mkataba wa pango kusainiwa.