Tunapohamia Kompyuta Mpya, Tusiache Siri za Watu Nyuma

Hotuba ya Ofisi ya Uhusiano wa Polisi na Jamii kwa wakazi na wafanyabiashara wa mpakani



Huenda wengi wenu mlitarajia tuzungumzie magendo, wizi wa ng'ombe au vibali vya kusafiria. Leo tunaomba kuzungumzia jambo linaloonekana dogo, nalo ni namna ya kuhama kutoka kompyuta kuukuu kwenda kompyuta mpya. Limekuwa jambo la kila mahali kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifikia mwisho wa kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida. Windows 11 nayo hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Hivyo vyama vya kuweka na kukopa, shule, zahanati, maduka ya uchapishaji na mawakala wa forodha wanabadili mashine. Sisi pia tulibadili, na tutaanza na kosa letu wenyewe.

Kompyuta yetu ya zamani ilikuwa na daftari la malalamiko ya jamii. Ndani yake mlikuwa na majina ya waliotueleza habari za wezi wa mifugo, na ya akina mama waliokuja kushtaki vipigo vya nyumbani. Mashine mpya ilipofika, tulinakili folda ya programu ya daftari kwa flashi, tukaiona alama yake kwenye skrini, tukaamini kazi imekwisha. Alasiri ileile mashine ya zamani ikapelekwa kwa fundi ili iuzwe.

Tulipobofya ile alama, programu haikufunguka. Ilidai mafaili ambayo hatukuyajua. Mtu mmoja akatuletea nakala ya bure, pamoja na kijiprogramu cha kuvunja leseni, akatuagiza tuzime kwanza kinga ya virusi. Tulizima. Daftari likafunguka, tukashangilia. Siku ya tatu tulikuta mafaili yote yamefungwa, na ujumbe wa kudai fedha umetanda kwenye skrini. Flashi yetu ilikuwa bado imechomekwa, nayo ikafungwa pamoja na mengine.

Tulikimbia kwa fundi. Mashine ya zamani ilikuwa juu ya meza ya duka, imebandikwa bei, na daftari zima lingalimo. Hapo tulipata wokovu na aibu kwa wakati mmoja, kwani kazi yetu ilinusurika kwa sababu tu hatukuifuta mashine. Lakini kwa sababu hiyohiyo, mpita njia yeyote angeweza kusoma majina yale. Fundi aliapa kwamba hakuna aliyeifungua. Hatukuwa na njia ya kuthibitisha.

Tuliwaita wahusika mmoja mmoja, tukawaeleza na kuwaomba radhi. Mama mmoja alituambia, "Afande, mimi nilikuja kwenu usiku ili nisionekane, nanyi mkaniweka juu ya meza ya duka." Hatukuwa na jibu. Ni kwa ajili ya mama huyo tumesimama mbele yenu leo.

Kwa nini nakala yetu ilikataa kufanya kazi? Ile alama ya kwenye skrini si programu; ni kibao tu kinachoelekeza ilipo. Programu yenyewe, inaposakinishwa, hutawanya sehemu zake. Baadhi ya mafaili hukaa katika folda yake, mengine huingia ndani ya mfumo wa Windows, mipangilio yake huandikwa katika sajili ya mfumo, na mara nyingi kazi za mtumiaji huhifadhiwa katika folda iliyofichwa. Mkulima hang'oi mgomba wenye mkungu akauhamishia shamba jingine. Huchukua chipukizi na kupanda upya. Kompyuta nayo ni vivyo hivyo: kazi zetu hunakiliwa, lakini programu husakinishwa upya. Zipo chache zilizotengenezwa ili zibebwe kwenye flashi, lakini hizo si za kawaida.

Basi tunashauri utaratibu huu.

Kwanza, mashine ya zamani ikiwa ingali nzima, tuandike orodha ya kila programu tunayoitegemea, namba yake ya leseni, anwani ya barua pepe iliyotumika kuisajili, na mahali ilipo risiti.

Pili, tunakili kazi zetu. Programu nyingi za hesabu zina amri yake maalumu ya kutoa nakala ya akiba. Tuitumie, tusibahatishe folda. Nakala ziwe mbili au zaidi, moja ikae nje ya ofisi, na diski ya akiba ichomolewe baada ya kazi. Kisha tufungue mafaili machache kutoka katika nakala hiyo, kwani nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Tatu, tusome leseni. Leseni iliyokuja pamoja na kompyuta kwa kawaida hufungamana na kompyuta hiyo. Iliyonunuliwa peke yake mara nyingi huhamishika, ila baadhi ya programu hutaka tuziondoe kwanza kwenye mashine ya zamani ndipo mpya ikubaliwe. Mashine ikiuzwa kabla ya hatua hiyo, tutabaki tukibishana na mtengenezaji.

Nne, kisakinishi tukipate kwa mtengenezaji mwenyewe. Anayetutaka tuzime kinga ya virusi ili atupe zawadi anatuomba tumfungulie mlango wa nyuma. Asiye na fedha za leseni asikate tamaa, kwani LibreOffice hupatikana bure kwa halali, na hufungua nyaraka nyingi zilizoandikwa kwa Word na Excel.

Tano, mashine zote mbili zikae pamoja kwa muda. Chama kifunge hesabu za mwezi mmoja kwenye mashine mpya, printa ijaribiwe, ndipo ya zamani iagwe.

Sita, tuifute ipasavyo. Kufuta faili kwa kawaida ni sawa na kuondoa jina la sura katika yaliyomo ya kitabu huku kurasa zenyewe zikibaki. Katika Windows 10 ipo njia ya kuirejesha kompyuta katika hali ya mwanzo, kuondoa kila kitu na kusafisha diski. Tuchague kusafisha, hata kama kazi itachukua saa kadhaa. Kwa nyaraka nzito zaidi, diski itolewe kabla mashine haijauzwa, ihifadhiwe au iharibiwe.

Sasa neno kwa wanunuzi. Kompyuta zilizotumika huvuka mpaka kila siku kama nguo za mitumba. Tudai risiti yenye namba ya mashine, na tujue muuzaji ni nani. Anayejigamba kwamba programu zote za gharama zimo ndani, bila leseni hata moja, huenda ameuza na virusi humohumo. Ukikuta mafaili ya mtu mwingine, usiyasome wala kuyasambaza. Mrudishie mwenyewe kama anajulikana, au uje kwetu.

Sheria nayo ipo pande zote. Hapa Uganda tunayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 na ile ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Kenya ilitunga sheria yake ya ulinzi wa data mwaka huohuo wa 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Mwenye kutunza majina ya watu, awe polisi, mwalimu au katibu wa chama, amebeba amana.

Ndugu zetu, tangu siku ile mashine yoyote haitoki ofisini kwetu kabla maafisa wawili hawajatia sahihi kwamba nakala imejaribiwa na diski imesafishwa. Tumechelewa, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Yule mama bado hupita mbele ya kituo chetu akienda sokoni. Wiki chache zilizopita aliingia, akaketi, akatueleza jambo. Kabla hajaanza aliuliza, "Hili nalo mtaliandika wapi?" Tulimwonyesha. Nanyi mna haki ya kutuuliza vivyo hivyo, nasi tuna wajibu wa kuwajibu.