RANGI NI KAZI, SIYO KUCHOVYA TU

(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wanaushirika. Tunayabandika hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa shambani siku ile. Kura itapigwa Jumamosi ijayo, kwa hiyo kila mwanachama asome, na asiyeona vizuri asomewe.)



Tunalo jambo moja la kuamua kabla hatujaanza kukusanya vikapu vya mwaka huu. Jambo lenyewe ni bei ya uzi wa rangi. Wapo wenzetu wanaosema uzi wa mkonge ni uzi tu, uwe mweupe uwe mwekundu, ulipwe bei moja. Wanasema, "Yule mama anachovya tu, kazi inafanywa na sufuria." Na mwenzetu huyo kasikia, na sasa anafikiri kuuza uzi wake kwa wachuuzi wa mjini. Akienda, vikapu vyetu vyote vitabaki vyeupe.

Sisi hatukutaka kubishana bila kuona. Tulikwenda uani kwake siku 3, tena tulikwenda na daftari. Hebu tuwaeleze.

Jambo la kwanza ni uzi wenyewe. Jani la mkonge linakwanguliwa, singa zinaoshwa na kuanikwa, ndipo zinasokotwa pajani. Hapo wengi wetu tunaishia. Yeye ndiyo kwanza anaanza. Uzi ule anaupima kwenye mizani ukiwa mkavu, kwa sababu uzi uliolowa una uzito wa maji, na vipimo vyote vya rangi vinafuata uzito wa uzi. Halafu anauchemsha kwa sabuni. Uzi wenye utomvu au mafuta ya mikono hutoka na mabaka.

Jambo la pili ni kushikisha rangi. Rangi nyingi za mimea hazikamati uzi zenyewe. Zinahitaji shabu, hii hii tunayotumia kutuliza maji ya mtoni. Kwa kilo 1 ya uzi mkavu anatia kama gramu 150 za shabu. Lakini mkonge, kama pamba, ni mkaidi kuliko sufu ya kondoo. Kwa hiyo kwanza anauloweka usiku kucha kwenye maji ya maganda ya komamanga, ndipo shabu ifuate. Mpaka hapo siku 2 zimekwisha na rangi bado haijaonekana! Jamani, huko ni kuchovya?

Jambo la tatu ni rangi zenyewe. Maganda ya vitunguu hutoa rangi ya dhahabu. Mizizi ya mdaa hutoa weusi, ule ule wa mikeka ya bibi zetu. Manjano ya jikoni hung'aa sana, lakini jua huipausha upesi, kwa hiyo yeye haiuzi hata mtu akiililia. Misumari yenye kutu ikitiwa kidogo huigeuza rangi ikawa ya kiza, ila ikizidi, chuma kinaula uzi na kikapu kinakatika mpini. Nili ndiyo ya ajabu kuliko zote. Uzi hutoka chunguni ukiwa wa kijani, na ukikutana na hewa unageuka buluu mbele ya macho yako.

Anatumia pia rangi ya unga ya dukani, wala hafichi. Rangi za viwandani zilianza mwaka 1856, pale kijana wa miaka 18 wa London, William Perkin, alipokuwa akitafuta namna ya kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akapata rangi ya zambarau. Mwaka 1897 Wajerumani wakaanza kuuza nili ya kiwandani, na wakulima wa mnili kule India wakapoteza soko. Leo unga huo unauzwa kila gulio, na yeyote anaweza kuununua. Basi kwa nini uzi wa huyu mama unatafutwa na wa wengine haununuliwi?

Jibu limo ndani ya daftari lake. Kila mstari una kipande cha uzi kilichofungwa pembeni, na mbele yake ameandika: uzito, shabu, maji ya wapi, dakika ngapi motoni. Tuliuliza, maji yana nini? Akatuonyesha vipande 2 vya rangi moja, kimoja cha maji ya mvua, kingine cha maji ya kisima. Cha kisima kimefifia, maana maji yale yana chuma. Tukaona ukurasa mmoja una vipande 9. Vinane amevikata kwa mstari. Alikuwa akitafuta rangi ya udongo uliolowa mvua ya kwanza. Aliipata mara ya 9. Hizo 8 nani alimlipa? Kuni zake, maji yake, usingizi wake.

Kuandika huko alikupata kwenye kisomo cha watu wazima, kama baadhi yetu. Wengine tulijifunza kuandika majina yetu tukatosheka. Yeye aliandika rangi.

Hata kule Uingereza na Marekani wako watu wanaotia rangi sufu majumbani mwao, sufuria moja moja, na kuuza kwa wafumaji. Nao huwaambia wateja wao: nunua uzi wa kutosha kazi yako kutoka sufuria moja, maana ya pili haitafanana kabisa. Sisi nasi tushike hilo. Uzi wa kikapu kimoja utoke chungu kimoja. Ila tusiige dawa zao. Sufu hutiwa siki, mkonge hautaki siki.

Sasa basi, ndugu wanaushirika, tunaleta mapendekezo manne.

1. Uzi wa rangi ulipwe bei ya uzi, na juu yake bei ya rangi. Kumlipa mtu singa na kuchukua rangi yake bure ni unyonyaji, hata kama anayenyonya ni ushirika.

2. Daftari ni mali yake. Wapo waliotaka linakiliwe ofisini. Hapana. Mkulima hanyang'anywi jembe kwa sababu analima vizuri.

3. Aombwe kufundisha vijana 2 kwa hiari yake, nao wasaidie kutafuta kuni na kuteka maji. Bibi zetu walijua rangi nyingi kuliko hizi, lakini hawakuandika, wakaondoka nazo.

4. Ushirika ununue mizani ndogo na sufuria kubwa ya rangi tu. Sufuria hiyo isipikiwe ugali hata siku moja.

Yeye hataki kuajiriwa. Anataka kujitegemea na kulipwa haki yake. Wenye macho ya kuona rangi ni wachache, na huyu Mungu ametupa hapa hapa kijijini. Jumamosi, kila anayenyoosha mkono kwanza akitazame kikapu chake mwenyewe.



Katibu