Tabia Njema za Kazi: Mazungumzo kwa Vijana Wanaoanza

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana waliokuwa wakijitayarisha kuingia katika kazi za ukarani wa vyama vya ushirika, ualimu na uuguzi wa vijijini. Wazee wao pia walikuwapo.)



Tumeombwa kusema juu ya njia ya mtu kupanda cheo katika kazi yake. Twajua ya kuwa wengi wenu mmekuja mkitumaini kuelezwa habari za vyeti, na mitihani, na namna ya kuandika barua ya kuomba kazi. Mambo hayo yana mahali pake, na walimu wenu watayaeleza vizuri kuliko sisi. Sisi tutasema juu ya jambo moja dogo, dogo hata pengine mtacheka: nalo ni kuandika kila kitu wakati ule ule kinapotendeka. Msicheke upesi. Tabia hiyo ndiyo iliyotushusha tulipokuwa hatunayo, na ndiyo iliyotuinua tulipoipata. Basi hatusemi habari za kusikia.

Tulipokuwa vijana tulipata kazi ya ukarani wa mizani katika chama kimoja cha ushirika, kusini mwa Ziwa Victoria, katika nchi ya pamba. Wenye kuijua nchi ile wanajua jinsi msimu wa kununua unavyokuwa. Pamba huvunwa kiangazi, na siku ghala lifunguliwapo watu hufika tangu alfajiri, wengine kwa baiskeli, wengine kwa mikokoteni ya ng'ombe, na akina mama wengi wamejitwika kichwani. Kazi ya karani ni kutazama kama pamba ni safi au fifi, maana bei zake si moja; kuiweka katika mizani; kutoa uzito wa gunia tupu; kuandika jina, daraja na uzito katika leja; na kumpa mwenye mali stakabadhi yake. Hesabu zake ni za darasa la nne. Nasi tulikuwa tumesoma kupita hapo, tena tulijiona.

Watu walipozidi kuwa wengi tukajitungia njia yetu ya kuharakisha. Tulipima mfululizo, tukaandika tarakimu kwa kalamu ya risasi juu ya kipande cha karatasi, mara nyingine juu ya kiganja cha mkono, tukawaambia wenye pamba, "Rudini alasiri mchukue stakabadhi zenu." Kisha tulikaa tukajaza leja kwa kukumbuka. Watu wakatusifu kwa wepesi wetu. Twakiri kwamba sifa hiyo ilitupendeza sana.

Siku moja alikuja bibi mmoja mzee, akaleta mafurushi matatu ya pamba kwa safari tatu, kwa kichwa chake mwenyewe. Alasiri tukampa stakabadhi ya mafurushi mawili. Hakujua kusoma; akaipeleka kwa mjukuu wake, naye mtoto akamwambia yaliyoandikwa. Jua halijatua akawa amerudi. Akatuambia kwa upole, "Mwanangu, mimi sijui kusoma, lakini najua kubeba. Nimekuja hapa mara tatu." Tukatazama leja: mawili. Tukatafuta kile kipande cha karatasi: kilikuwa kimelowa jasho mfukoni, hakisomeki. Tukamjibu kwa sauti kubwa, mbele ya watu, kwamba kitabu hakisemi uwongo. Maneno hayo twayaonea haya mpaka leo, maana kitabu kile tulikiandika sisi.

Pamba ile ilipopelekwa kwenye kinu cha kuichambua na kupimwa tena, uzito wake ukazidi ule wa leja. Mwafahamu maana ya jambo hilo? Kama ungalipungua, watu wangaliuliza ni nani aliyeiba. Kwa kuwa ulizidi, waliuliza ni pamba ya nani iliyoliwa. Ilikuwa wazi kwamba mtu fulani hakuandikiwa haki yake. Lakini ni nani hasa, hapakuwa na alama yoyote ya kuonyesha, na mara wakatokea watu wengine wawili kuidai ziada ile ile. Kamati ikakaa siku mbili. Mwisho bibi akalipwa, lakini shule ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na mjukuu wake, yule yule aliyemsomea stakabadhi, alikuwa amekaa nyumbani kwa kukosa sare na madaftari. Fedha za bibi zilirudi. Siku za mtoto hazikurudi.

Sisi tukaondolewa katika mizani, tukapewa kazi ya kushona midomo ya magunia, chini ya mtunza ghala.

Mtunza ghala huyo alikuwa mzee aliyeishia darasa la nne, nasi tulipoanza tulimdharau. Hakutukalisha chini kutufundisha. Tulimtazama tu, sindano mkononi, msimu mzima. Kila asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, aliweka mawe ya mizani yenye muhuri juu ya mizani, akaandika tarehe na tarakimu aliyoiona. Alifanya hivyo hata kama mizani ilikuwa sawa jana, na juzi, na mwezi mzima. Gunia likipandishwa, aliisoma tarakimu kwa sauti, akamwuliza mwenye mali, "Umesikia?" Kisha akaandika leja, akaandika stakabadhi na nakala yake kwa karatasi ya kaboni, akaitia mkononi mwa mwenyewe, na hapo ndipo aliporuhusu gunia lishushwe. Hakuna gunia lililoshuka kabla ya kalamu. Akikosea, hakukwangua kwa wembe kama tulivyozoea sisi. Alipiga mstari mmoja juu ya kosa, hata kosa lenyewe likasomeka, akaandika iliyo sahihi juu yake na kutia sahihi yake. Jioni alijumlisha stakabadhi, akajumlisha leja, na hesabu mbili zisipokubaliana hakwenda nyumbani.

Tulianza kumhesabia muda. Kwa kila mtu alitumia kama dakika moja zaidi kuliko sisi. Lakini jioni alifunga ghala mapema kuliko tulivyofunga sisi, kwa kuwa hakuwa na cha kukumbuka wala mtu wa kubishana naye. Wepesi wetu uliosifiwa ulikuwa ni deni tulilolipa kila usiku, tena kwa mali ya watu.

Basi, mtauliza, haya yana uhusiano gani na cheo? Yana uhusiano huu. Mkubwa wa kazi hawezi kuwa kila mahali. Hakuoni ukipima, hakuoni ukifundisha, hakuoni ukigawa dawa. Aonacho ni karatasi uliyoiacha nyuma. Anapotafuta mtu wa kumkabidhi ufunguo wa sanduku la fedha, hamwangalii mwenye maneno mazuri, huangalia ni nani ambaye kitabu chake hakijampa taabu. Msimu wa tatu tulirudishwa kwenye mizani. Siku moja mkaguzi wa hesabu akaja bila ya kutangulizwa na barua, akataka aonyeshwe siku moja tu, aliyoichagua mwenyewe. Tulimfungulia ukurasa, tukamtolea nakala za stakabadhi, akajumlisha, akashukuru, akaenda zake. Hakusema sifa yoyote. Katibu wa chama alipougua mwaka ule, sisi ndio tulioitwa kushika daftari la fedha.

Wako waliotutangulia katika njia hii ya meza na wino. Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, tunayemjua sote kwa vitabu vyake, alianza kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926 akakaa humo mpaka mwaka 1944, kisha akahamia idara nyingine za serikali. Miaka 18 ya kuhesabu shehena na ushuru! Vitabu vyake vingi aliviandika akiwa mtumishi wa mshahara. Wa pili ni Martin Kayamba, aliyezaliwa Unguja mwaka 1891. Alifanya kazi Unguja, Kenya na Uganda, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza akawa karani mkuu wa ofisi ya wilaya ya Tanga. Huko Tanga, mwaka 1922, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kilichowaunganisha Waislamu na Wakristo. Mwaka 1931 alikuwa mmoja wa Waafrika watatu wa Tanganyika waliopelekwa London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Mwenzake mmoja, Makwaia wa Usiha, alikwenda kwa uchifu wake. Kayamba alifikishwa huko na kazi ya ofisi. Milango iliyokuwa wazi kwa Mwafrika siku zile ilikuwa michache na myembamba, na wengi waliostahili waliachwa nje. Hatulisahau hilo.

Nanyi walimu, msidhani kwamba twasema habari za pamba tu. Mwalimu anayejaza daftari la mahudhurio siku ya Ijumaa kwa wiki nzima anafanya kosa lile lile tulilolifanya sisi. Mtoto aliyekosa kuja Jumanne na Jumatano, huenda nyumbani kuna ugonjwa, au ametumwa kuchunga. Alama yake ingaliwekwa asubuhi ile, mtu angalikwenda kuuliza. Na muuguzi anayeandika dawa jioni, siku moja atafungua kabati akidhani chupa zimo, na mgonjwa yuko kitandani.

Kuna adui mmoja wa tabia hii ambaye zamani zetu hakuwapo, naye ni simu ya mkononi. Hatuilaumu yenyewe, maana sisi wenyewe twapokea fedha kwa hiyo. Lakini ikilia kati ya kusoma mizani na kuandika, tarakimu hukimbia. Iacheni ilie mpaka kalamu imalize.

Hatutaki kuwadanganya. Hatusemi kwamba kila mwenye kitabu safi hupewa cheo. Tumewaona wema waliopitwa na jamaa wa mkubwa, na wengine waliostaafu pale pale walipoanzia. Lakini tumeona pia siku fedha zilipopotea katika ofisi moja, na watumishi wanne wakahojiwa, na watatu wakakosa usingizi. Wa nne alileta daftari lake, akalifungua, akarudi nyumbani kula chakula cha mchana.

Sasa tumesema vya kutosha. Pale mezani pana mizani ndogo, na mawe yake, na vitabu vya stakabadhi, na gunia moja la maharage ambalo mwenyekiti ametuazima. Kila mmoja atapima, atasoma kwa sauti, na ataandika kabla ya kushusha. Tutaanza na ninyi mlioketi nyuma.